Kisa cha mizani ya maziwa: volti rejea iliyosahaulika na alama ya hasi iliyofutwa

Kisa hiki kinatoka vituo vya kukusanyia maziwa vya chama kimoja cha ushirika, nyanda za juu za Kenya. Majina ya chama, vituo, watu na aina ya chipu yameondolewa, na vipimo vimezungushwa ili hesabu ifuatike. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaotengeneza draiva (programu zinazoendesha chipu) za vigeuzi vya analogi kwenda dijitali (kuanzia hapa nitaviita ADC), hasa wale wanaoichukulia volti rejea, yaani volti ambayo ADC hupimia ishara dhidi yake, kuwa namba ya kujaza kwenye faili kisha wakaendelea na mengine.

## Mazingira

Kila kituo kina mizani ya jukwaa ya kilo 200. Chini ya jukwaa kuna lodiseli (vihisi vya uzito) nne za omu 350 zilizounganishwa sambamba ndani ya kisanduku cha maungio. Kutoka kisandukuni, kebo ya waya nne yenye urefu wa mita 8 inaingia ofisini kwa karani. Humo ofisini kuna kompyuta ndogo ya bodi moja inayotumia Linux, printa ya risiti, modemu ya simu, na betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola. Laini moja ya volti 5 kutoka kwenye betri hiyo inalisha vifaa vyote, lodiseli zikiwemo.

Lodiseli ni daraja la Wheatstone, yaani mzunguko wa vikinzani vinne. Ukilisha volti 5, waya zake mbili za ishara zinakaa kila moja karibu na volti 2.5, na uzito unajitokeza kwenye tofauti ndogo kati yake. Hizi zilikuwa za milivolti 2 kwa kila volti, yaani jukwaa likibeba kilo 200 kamili tofauti inafika milivolti 10. Huwezi kuokota milivolti 10 zilizopanda juu ya volti 2.5 kwa kupima waya mmoja dhidi ya graundi, kwa hiyo ADC inatumia ingizo la tofauti: inatoa waya mmoja kwa mwingine, ile 2.5 ya pamoja inajifuta, kinachobaki kinakuzwa mara 128, halafu kinalinganishwa na volti rejea.

Kwenye kulinganisha ndipo kisa kilipo. ADC haijui volti. Inajua uwiano tu, yaani ishara iliyokuzwa ni sehemu gani ya rejea. Kwa ADC ya biti 24 yenye alama, rejea nzima ni hesabu 8,388,608 upande wa chanya, na kiasi hichohicho upande wa hasi.

## Uamuzi wa kwanza

Chipu ilikuwa na rejea yake ya ndani ya volti 2.048, na pia pini mbili za kupokea rejea kutoka nje. Mbunifu wa bodi alichagua ya ndani, na ukiangalia karatasi yake huwezi kumlaumu. Milivolti 10 zikikuzwa mara 128 zinakuwa volti 1.28, ambazo ni asilimia 62.5 ya 2.048. Hiyo ni hesabu 5,242,880 kwa kilo 200, au karibu 26,214 kwa kilo moja. Angetumia volti 5 kama rejea, ishara ileile ingejaza asilimia 25.6 tu ya nafasi, na kilo moja ingepata hesabu 10,737. Nani atupe zaidi ya nusu ya hesabu zake? Juu ya hayo, rejea ya ndani hutulia vizuri hata joto likipanda, na unaokoa pini mbili na waya mbili.

Mfano wa kwanza ulijaribiwa mezani ukilishwa na mtambo wa umeme wa maabara. Wakapakia mawe ya mizani, wakafanya kalibresheni (kupata hesabu kwa kilo kutoka kwa uzito unaojulikana), ikasoma sawasawa. Bodi zikaagizwa.

Walichokosa kuuliza ni kama volti inayolisha daraja ingekuwa tulivu sawa na rejea. Ishara ya lodiseli hupanda na kushuka pamoja na volti inayoilisha. Rejea ya ndani haipandi wala kushuka. Basi laini ya volti 5 ikishuka kwa asilimia 2, uzito nao unasomeka pungufu kwa asilimia 2, na hakuna kitu ndani ya chipu kitakachoona kasoro yoyote.

## Kilo 628 bila mzigo

Tatizo la kwanza kuonekana lilikuwa jingine kabisa. Kituo kimoja kilipowashwa, jukwaa tupu lilionyesha kilo 628. Fundi akabonyeza kitufe cha sifuri, ikaja sifuri. Akaweka jiwe la kilo 10, ikasoma kumi hasi.

Waya za ishara zilikuwa zimebadilishana. Kwenye lodiseli nyingi nyekundu na nyeusi ni za umeme, kijani na nyeupe ni za ishara, lakini hiyo ni desturi tu na kuna watengenezaji wanaogeuza. Ingizo la tofauti likigeuzwa halipigi kelele wala haliungui. Linatoa namba ileile yenye alama ya hasi.

Fundi alikuwa kituoni, kebo imeshafukiwa, foleni ya wafugaji inaanza. Alipiga simu kwa mwandishi wa programu, na mwandishi akaongeza abs(), amri inayofuta alama ya hasi, kwenye uzito baada ya kutoa sifuri. Kumi hasi ikawa kumi. Kwa kuwa vituo vyote hupokea programu moja, abs() ikasambaa kila mahali usiku huohuo.

Ile 628 hakuna aliyeiuliza, na ilikuwa na habari nyingi. Jukwaa lenyewe lina uzito wa kilo 12. Kumi na mbili ukijumlisha na 628 unapata 640. Na 640 ndizo kilo unazopata ukigawanya 16,777,216, yaani 2 kwa kipeo cha 24, kwa 26,214. Maana yake draiva ilisoma biti 24 kutoka kwenye chipu na kuziweka kwenye namba ya biti 32 bila kuendeleza alama (kunakili biti ya alama kwenye biti za juu), kwa hiyo hasi kidogo ikageuka chanya kubwa mno. Kerneli, kiini cha Linux, ina sign_extend32() kwa kazi hiyohiyo. Unaipa thamani na nafasi ya biti ya alama, ambayo hapa ni 23. Mstari mmoja. Haukuwepo, na baada ya abs() hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba haupo.

## Tangi linazidi risiti

Malalamiko yalianza kwa wafugaji wanaopima nyumbani kwa jagi kabla ya kuja. Walisema asubuhi, foleni ikiwa ndefu, mizani inakula maziwa. Ukija kwa kuchelewa, watu wameisha, unapata haki yako. Wengi walimtupia lawama karani. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda: mtu anayeonekana dirishani ndiye anayeshukiwa, na karani mmoja alihamishwa kituo kwa ajili hiyo. Alikohamia malalamiko yaliendelea, na alikotoka hayakuisha.

Mhasibu ndiye aliyeleta ushahidi wa kwanza usio wa maneno. Kwa kawaida tangi la kupozea huwa na maziwa pungufu kidogo kuliko jumla ya risiti, kwa sababu ya kumwagika na yanayobaki kwenye mikebe. Hapa fimbo ya kupimia tangi ilionyesha maziwa mengi kuliko risiti, siku baada ya siku. Chama kilikuwa kinapokea maziwa ambayo hakikuyalipia.

Timu iliitikia kwa kurudia kalibresheni. Ilifanya kazi, kila mara, kwa muda. Jiwe la kilo 20 lilisoma 20.0 fundi akiwa amesimama pale, printa imekaa kimya na modemu imelala.

## Kilichotokea baada ya kuondoa abs()

Mtu mpya aliyeingia kwenye timu alianza kwa kusafisha njia ya data badala ya kuitafuta hitilafu. Aliendeleza alama ndani ya draiva, akatoa abs(), na kituo chenye waya zilizogeuka akakiandikia jozi iliyogeuzwa kwenye diff-channels, mstari unaotaja jozi ya waya za ishara, ndani ya faili la maelezo ya maunzi, ili ukweli kuhusu waya uwe pale waya zinapoelezwa. Kisha akawasha mizani tupu na kuchapisha risiti ya majaribio.

Jukwaa tupu lilisoma -0.4.

Likarudi sifuri printa iliponyamaza. Akachapisha tena, -0.4 tena. Mizani tupu, isiyoguswa, inashuka chini ya sifuri kila karatasi inapotoka. Kabla ya hapo abs() ilikuwa inaonyesha 0.4 kwa sekunde mbili tatu, na makarani walishazoea kusema ni upepo.

Akaweka mita kwenye laini ya volti 5: 5.02 ikiwa kimya, 4.86 printa ikifanya kazi. Ni anguko la asilimia 3.2. Jukwaa la kilo 12 mara asilimia 3.2 ni gramu 380 na ushei, ndiyo ile -0.4. Akapakia mawe ya kilo 50 na kuchapisha: 48.0.

Hapa kuna jambo ambalo wengi huliruka. Asilimia 3.2 ya kilo 50 ni kilo 1.6, kwa hiyo ungetegemea 48.4. Lakini lodiseli hazijui jukwaa ni jukwaa. Zinabeba kilo 62, na zote 62 zinapungua hadi kilo 60 hivi. Sifuri iliyohifadhiwa ilichukuliwa volti ikiwa kamili, nayo inatoa kilo 12 nzima. Kilo 60 toa 12 ni 48. Uzito wa jukwaa unaongeza kosa la mzigo, na jukwaa zito zaidi lingeongeza zaidi.

Foleni ya asubuhi sasa ilieleweka. Risiti ya mfugaji mmoja huchapwa wakati mkebe wa anayefuata uko tayari jukwaani. Watu wakiwa wachache, printa inamaliza kabla ya mkebe kupanda.

## Chaguo tatu mezani

La kwanza lilikuwa kuchuja kwenye programu: kusubiri printa inyamaze ndipo usome. Lilikataliwa haraka, kwa sababu modemu nayo huvuta umeme kwa vishindo na haiombi ruhusa.

La pili, kuzipa lodiseli laini yao ya volti 5 yenye kidhibiti chake. Hili lilikuwa na watetezi, na lingeua tatizo la printa. Lakini halingegusa kebo. Lodiseli nne za omu 350 zikiwa sambamba ni omu 87.5, zinazovuta karibu miliampea 57. Waya mwembamba wa kebo ile ulikuwa na omu 0.085 kwa mita. Mita 8 kwenda na 8 kurudi ni omu 1.36, na zinapotea takriban milivolti 77 njiani kabla umeme haujafika kisandukuni. Zingekuwa thabiti, kalibresheni ingezimeza. Lakini ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kebo hiyo inalala juani.

La tatu, kutumia volti ileile inayolisha daraja kuwa rejea, tena kuichukulia kisandukuni, penye lodiseli, na kuirudisha kwa waya mbili za ziada hadi kwenye pini za rejea za ADC. Pini hizo hazivuti umeme wa maana, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwenye waya hizo mbili. Volti ikishuka, ishara na rejea zinashuka pamoja, na uwiano unabaki palepale. Bei yake ni kebo ya waya sita na zile hesabu 10,737 kwa kilo badala ya 26,214. Mbunifu alipinga kidogo, kisha akakubali alipokumbushwa kwamba risiti inachapisha kwa hatua za gramu 100. Gramu 100 ni zaidi ya hesabu elfu moja hata kwa njia mpya. Wingi wa hesabu uliompendeza mwanzoni haukuwa unanunua kitu.

## Bodi mpya, tatizo lilelile

Bodi ya kwanza ilirekebishwa, kebo ikabadilishwa, kalibresheni ikafanywa, jiwe la kilo 20 likasoma 20.0. Printa ikawashwa. Uzito ukashuka kama zamani.

Siku nzima ilipotea wakikagua maungio ya waya, nayo yalikuwa sahihi. Jibu lilikuwa kwenye faili la kalibresheni, mbele ya macho yao: namba ya hesabu kwa kilo ilikuwa bado elfu ishirini na sita na kitu. Rejea ingekuwa imebadilika kweli, namba hiyo ingeshuka hadi kwenye elfu kumi na kitu. Chipu ilikuwa bado inatumia rejea ya ndani, na volti iliyoletwa kwa waya mpya ilikuwa inagonga mlango uliofungwa.

Draiva ilikuwa inaomba rejea ya nje kwa devm_regulator_get_optional(), na ikipata kosa lolote inarudi kimyakimya kwenye volti 2.048. Faili la maelezo ya maunzi halikuwa na vref-supply, mstari unaotaja chanzo cha rejea ya nje, basi kila mara ilirudi huko. Mbaya zaidi, kosa la -EPROBE_DEFER, linalomaanisha tu kwamba chanzo cha umeme hakijawa tayari na ujaribu baadaye, nalo lilimezwa vilevile. Hata faili likirekebishwa, mizani ingeweza kuamka na rejea tofauti kutegemea nini kimetangulia kuwaka.

Marekebisho yalikuwa haya. Faili sasa linataja wazi rejea ipi inatumika. Likitaja ya nje na isipatikane, draiva inakataa kuanza, na mizani inabaki imezima. Kulikuwa na ubishi: kituo bila mizani ni kelele za wafugaji mlangoni. Lakini kituo chenye mizani inayodanganya kilikuwa kimeshazaa kelele kubwa zaidi. Pia chipu ina uwezo wa kupima robo ya rejea yake ya nje dhidi ya rejea ya ndani. Draiva ikaongezewa chaneli hiyo, ili programu ikague volti kabla ya kukubali uzito na kugundua waya wa rejea ukikatika.

Kwenye usafi huo lilipatikana kosa jingine. Draiva ilikokotoa skeli (namba ya kugeuza hesabu kuwa milivolti) kwa kugawanya rejea kwa 2 kwa kipeo cha 24, kana kwamba ingizo ni la upande mmoja. Ingizo la tofauti lenye alama linagawanywa kwa 2 kwa kipeo cha 23. Milivolti zote zilizotolewa na draiva tangu siku ya kwanza zilikuwa nusu ya zile za kweli, na mtu yeyote mwenye mita angeliona. Hakuna aliyelinganisha, kwa sababu kilo zilikuwa sawa.

## Matokeo

Mawe ya kilo 50 sasa yanabaki 50.0 printa ikichapa na modemu ikituma. Siku za mwanzo palitokea mruko mdogo wa nusu sekunde printa inapoanza: kichujio kwenye pini za rejea kilikuwa kizito kuliko kile cha ishara, hivyo rejea ilichelewa kuifuata ishara ikishuka. Kapasita zikabadilishwa ili vichujio viwili viende mwendo mmoja, na mruko ukaisha.

Hesabu za nyuma hazikuweza kusahihishwa risiti kwa risiti. Kumbukumbu zilihifadhi kilo tu, baada ya abs() na baada ya kuzungushwa. Hesabu ghafi za ADC hazikuwekwa popote, wala saa ya printa. Chama kilichukua tofauti kati ya tangi na risiti kwa kipindi chote na kuigawa kwa wafugaji kwa uwiano wa walicholeta. Waliochelewa kuja, ambao hawakupunjwa, walipata fungu lilelile. Hakukuwa na njia nyingine, na kikao kilikuwa kirefu.

## Uchambuzi

Katika makosa yote ya kisa hiki, lililoleta hasara ndefu ni imani katika kalibresheni. Kalibresheni kwa jiwe la kilo 20 inaifanya rejea yoyote ionekane sahihi kwa dakika ile. Ilifunika rejea ya ndani, ikafunika skeli ya nusu, ikafunika hata bodi mpya isiyosoma rejea yake. Namba iliyotoka kwenye kalibresheni na milivolti za draiva zingeweza kufichua mawili ya mwisho kama mtu angezikokotoa kwanza kwa kalamu, kutoka kwenye milivolti kwa volti, ukuzaji na rejea, ndipo akalinganisha. Tofauti ya asilimia chache ni lodiseli. Tofauti ya mara mbili, au ya mara 2.44 ambayo ndiyo 5 kwa 2.048, ni draiva.

abs() inastahili lawama yake peke yake. Alama ya hasi ndiyo faida kuu ya ingizo la tofauti kwa mtu anayetafuta hitilafu: inakuambia waya zimegeuka, inakuambia sifuri imehama. Kuifuta kuliondoa dalili ya kwanza ya volti inayoyumba, na kwa mizani iliyopewa sifuri ikiwa na maji au matope juu yake, uchafu ukikauka uligeuka kuwa maziwa. Shinikizo la foleni linaeleweka. Kiraka kile kilipaswa kukaa kwenye kituo kimoja na kuwekewa tarehe ya kuondolewa.

Kuhusu draiva yenyewe, naona kuna suala ambalo halina jibu moja. Mfumo wa IIO wa Linux, sehemu ya kerneli inayoshughulikia ADC na vihisi, unataka chaneli ya volti itoe hesabu ghafi na skeli ya milivolti. Rejea ikiwa ndiyo volti ya daraja, inayoyumba kati ya 4.86 na 5.02, draiva itaandika 5000 kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwenye faili, na milivolti zitakuwa na kosa la asilimia kadhaa. Timu iliamua programu ya mizani isitumie milivolti kabisa: inachukua hesabu ghafi, inagawanya kwa 8,388,608, na kufanya kazi na uwiano. Mimi ningefanya hivyohivyo, na ningeliandika ndani ya draiva kwa herufi kubwa, maana atakayekuja kesho ataona skeli ipo na ataitumia.

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa yule mgeni: alama kwanza, waya kuelezwa mahali pake, ndipo kipimo. Hakujua chochote kuhusu printa alipoanza.

Kituo kimoja kimebaki na kebo ya waya nne, kwa kuwa imepita chini ya sakafu ya zege. Pale waya za rejea zimeunganishwa ofisini, kwenye bodi. Myumbo wa laini ya volti 5 unafutika, ila upotevu wa kebo unabaki nje ya uwiano, na nyuzi 20 za joto kati ya alfajiri na mchana zinaacha kosa la karibu asilimia 0.12. Kwa kilo 50 pamoja na jukwaa hiyo ni gramu 74 hivi, chini ya hatua moja ya risiti. Kebo itabadilishwa sakafu ikivunjwa kwa sababu nyingine.